Kusoma Sheria Huku Ukifanya Kazi

Wazee wetu walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Neno hilo nimeambiwa mara nyingi hapa mtaani Jericho, kwa kuwa asubuhi nasoma sheria Parklands, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na alasiri napiga chapa katika duka dogo karibu na mahakama ya Makadara. Lakini bila ujira huo sina karo wala nauli.

Yafaa tukumbuke kwamba desturi hii si mpya. Kabla ya miaka ya 1960, Mwafrika wa Kenya aliyetaka kuwa wakili ilimbidi avuke bahari, kama Bwana Argwings-Kodhek aliyesomea Uingereza. Shule ya Sheria ya Kenya ilipofunguliwa mwaka 1963, iliwafaa watu waliojifunza uwakili huku wakiwa makarani katika ofisi za mawakili. Basi kazi na elimu hii ni jamaa wa zamani.

Kazi yangu hunionyesha mengi yasiyomo vitabuni. Huja mtu na hati ya kiapo isiyo na sahihi. Huja mwingine na ilani ya kuhama ambayo hakuisoma mpaka siku zilipokaribia kwisha. Walakini kazi hiyo ina mtego wake.

Siku moja, mitihani ikiwa karibu, alikuja mama mmoja mjane wa mtaa wa Bahati. Mwenye nyumba alikuwa amemshtaki kwa malimbikizo ya kodi. Aliweka shilingi elfu moja mezani, akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe wakili wetu. Niandikie majibu niyapeleke mahakamani."

Wiki ile nami nilidaiwa kodi. Lakini Sheria ya Mawakili humkataza mtu asiyekuwa wakili kutunga hati za kesi kwa malipo, na mwanafunzi hakuachiliwa katika katazo hilo. Tena, majibu yaliyotungwa vibaya yangemtoa mama yule nyumbani mwake, wala mimi nisingeweza kusimama mbele ya hakimu kumtetea. Nilimrudishia fedha zake, nikamwonyesha siku alizopewa katika hati ya kuitwa shaurini, nikamwelekeza Kituo cha Sheria, ambacho tangu mwaka 1973 kimewasaidia maskini bila malipo. Aliondoka akinung'unika, na majirani wakaniita mwenye maringo.

Ndugu zangu mnaotaka kufuata njia hii, tafuteni kazi iliyo jirani na masomo yenu. Mwelezeni bwana wa kazi tarehe za mitihani kabla hamjaajiriwa. Zaidi ya hayo, jueni kazi yenu inakomea wapi, kwa maana wenye shida hawatawauliza kama mmekwisha kuhitimu. Fedha ya kodi hutafutwa tena. Jina la mwanasheria likiharibika hata kabla hajalipata, ni shida kulitengeneza.