Niliweka Nukta Kabla ya "Ila"

Miaka ya 1990 nilikuwa mhariri msaidizi wa jarida dogo la uhakiki wa vitabu, Dar es Salaam. Ukurasa wa barua za wasomaji ulikuwa mikononi mwangu peke yangu. Niliuchezea, na wasomaji walioutegemea nawaomba radhi.

Wasomaji wetu walikuwa waungwana. Walianza kwa salamu, wakapongeza, ndipo wakasema lililowaleta. "Jarida lenu nalipenda sana, ila vitabu mnavyovisifu huku Songea hatuvipati." "Hongereni kwa toleo hili, ila mhakiki wenu haelekei kuwa ameimaliza riwaya." Mimi nilishika kalamu nyekundu, nikaweka nukta kabla ya "ila", na yote yaliyofuata nikayapiga mstari. Toleo likitoka, ukurasa mzima ni sifa. Mwenye barua alilikuta jina lake chini ya nusu ya maneno yake, tena ile nusu ambayo haikuwa shida yake.

Wenzangu niliwaambia jarida bado changa, tusilivunje miguu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uhakiki uliolalamikiwa niliuandika mimi.

Katika toleo moja nilihakiki *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Niliisoma kwa haraka, nimeshaamua cha kusema. Nikaandika kwamba mgomo wa makuli wa bandarini Unguja, ambao ndio moyo wa kitabu kile, mwandishi ameubuni ili kuiridhisha siasa ya wakati wake. Sikumuuliza mtu, wala sikufungua kitabu cha historia. Mgomo ule ulitokea kweli, mwaka 1948. Ulianza kwa wafanyakazi wa bandari, ukaenea hadi ukausimamisha mji.

Zilikuja barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa sekondari bara, aliyeshukuru kwa "ufafanuzi" wangu na kusema amewasomea wanafunzi wake darasani. Hiyo niliichapa neno kwa neno, maana haikuwa na "ila" hata moja.

Ya pili ilitoka Ng'ambo, Unguja. Kurasa nne za daftari, wino wa buluu, pembeni matundu ya pini yamechanika. Aliyeandika ni mama mmoja, binti wa kuli. Hakunitukana. Aliniandikia "Ndugu Mhariri", akauliza afya zetu, kisha akasema baba yake alikuwamo katika mgomo ule ninaosema haukuwapo. Nilihisi joto usoni. Barua ile haikuwa na mahali pa kuweka nukta, kwa hiyo niliitia kwenye mtoto wa meza, chini ya bahasha tupu.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Kulikuwa na hadithi moja niliyopenda kuisimulia kila tulipokaa kikao: ya *The New York Review of Books*. Jarida lile lilizaliwa Februari 1963, wapiga chapa wa magazeti ya New York wakiwa katika mgomo uliodumu siku 114. Wachapishaji walikuwa na vitabu vipya na hawana pa kuvitangaza. Walioandika katika toleo la kwanza hawakulipwa, na wasomaji walituma barua karibu 1,000 wakiomba lisiishie hapo. Niliwaambia wenzangu jarida la vitabu hujengwa na wasomaji wake, na kwamba ukurasa wa barua wa wale watu ni uwanja ambao msomaji humbana mhakiki naye akalazimika kujibu. Niliyasema hayo kwa moyo wote, na barua ya Ng'ambo imo mezani kwangu. Mgomo wa New York niliuamini bila shahidi. Mgomo wa Unguja, saa chache kwa boti, niliukana na shahidi ameniandikia.

Baada ya miezi kadhaa mama yule aliandika tena, karatasi moja tu. Kama hatutaichapa, tafadhali tumrudishie barua yake. Nakala hana, na maneno ya baba yake hakuyaandika pengine popote.

Ilikuwapo. Nilivuta mtoto wa meza nikaiona. Kuirudisha kungekuwa kukiri kwamba niliipokea nikaisoma, na hilo sikuliweza. Nikafunga mtoto wa meza. Jarida lilipokufa, meza ziliuzwa na makaratasi yakachukuliwa kwa viroba. Kile cha meza yangu sikukifungua.

Sikuwahi kusahihisha kosa langu mahali popote. Wanafunzi wa yule mwalimu leo ni watu wazima, na huenda wapo wanaoamini hadi sasa kwamba makuli wa Unguja hawakugoma.

Ninayoyakumbuka katika barua ile ni machache. Kwamba bega la kulia la baba yake lilishuka kwa sababu ya magunia, likabaki hivyo mpaka alipozikwa. Kwamba siku ya kwanza ya mgomo alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, nguo yake haina vumbi, na mama yake alipomwona mlangoni saa zile aliangusha mwiko akidhani pametokea msiba. Zaidi ya hapo zilibaki kurasa tatu nzima, ambazo nilizipitisha macho mara moja tu.