Kopo la Rangi

Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa mbolea. Ilikuwa 2004, Mpanda ingali wilaya ya mkoa wa Rukwa, na shemeji yangu alikuwa akisafisha shamba la tumbaku nje ya mji. Juu ya mti wa mtundu ulioangushwa palikuwa na kishada cha mabua manene, kimezungukwa na mizizi myeupe iliyosimama kama miba ya nungunungu. Nilikijua tangu utotoni. Baba alipokuwa akipandisha mizinga, mimi nikimshikia kamba chini, nilikiona huko juu nikadhani ni kiota cha ndege. Yeye alikiita kirukia, kama alivyoita kila kiotacho juu ya mti mwingine.

Hapo mzee alikionea. Kirukia halisi hutoboa tawi na kumnyonya mwenyeji wake. Okidi hujishikiza tu. Hiyo ya nungunungu, Ansellia africana kwa jina la wataalamu, hudaka majani makavu kwa mizizi yake, na yakioza huko juu huwa chakula. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, chui mtupu.

Sikujua lolote kati ya hayo. Nilichukua kopo la rangi la lita 4 lililokuwa bafuni, nikajaza udongo mweusi na samadi, nikapanda kama mtu apandavyo mgomba. Mvua za Novemba zikaja, kopo likafurika, na kufika Januari mizizi ilikuwa uji unaonuka.

Okidi iliyofuata niliifunga kwenye kipande cha ubao na kukiegemeza ukutani. Mchwa walikula ubao. Mwenye kuishi Mpanda hahitaji maelezo zaidi.

Kilichonifumbua macho ni mzigo wa kuni. Kwenye tawi moja palikuwa na fundo la nyuzi za kijivu, hakuna hata jani. Nilikuwa karibu kulitia jikoni, nikaona vimaua vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele. Nikalichovya kwenye ndoo. Nyuzi zikageuka kijani mbele ya macho yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni jamii ya Microcoelia, okidi ambazo kazi ya jani hufanywa na mizizi. Ule weupe wa juu ni ganda la seli zilizokufa, kama sifongo: likikauka huwa na hewa ndani, likilowa hunywa maji na kuachia kijani cha chini kionekane. Basi mimi nilikuwa nimeizika ndani ya samadi sehemu inayotaka mwanga na hewa!

Tangu siku hiyo sikutafuta chombo. Nilining'iniza lile fundo kwa waya wa breki ya baiskeli chini ya paa la baraza, halafu nyingine zikafuata, zote za matawi yaliyokwisha anguka. Jirani yangu, bibi wa Kikonongo, alizitazama wiki nzima ndipo akauliza, "Mwalimu, hiyo dawa ni ya nini?" Nilipomwambia ni maua, alicheka hadi akakaa chini.

Kazi ya kuzitunza si ndogo, nisikudanganye. Masika huniachia nipumzike, lakini kuanzia Juni mpaka Oktoba hakuna mvua huku, na upepo wa Agosti hukausha hata mate. Asubuhi nachovya kila moja hadi igeuke kijani, jioni narashia. Nakinga maji ya mvua kwenye pipa, kwa kuwa ya kisima yaliacha ukoko mweupe kwenye mizizi. Udongo wa kopo humvumilia msahaulifu, waya haumvumilii. Mwaka 2015 nilisafiri Tabora kwa treni, nikamwachia kijana kazi ya kurashia. Niliporudi baada ya wiki tatu, nne zilikuwa kama kamba za katani.

Na si kila okidi yafaa. Zile za ardhini, ambazo viazi vyake huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, ukizining'iniza unaziua.

Lile fundo la kwenye kuni bado lipo. Nyuzi zake sasa ni ndefu kuliko kiganja changu, na kopo la rangi limerudi bafuni.