Kibanja cha ukoo na haki ya binti Muleba

Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, inaanzia majini. Visiwa vya Bumbire, Ikuza na Mazinga vimo ndani ya Ziwa Victoria. Kutoka ufukweni, ardhi inapanda hadi Kamachumu, ambako nyumba zimezungukwa na migomba na mibuni, kisha inashuka magharibi kwenye tambarare ya Ngenge, penye nyasi, ng'ombe na mpunga.

Wahaya hutofautisha kibanja na rweya. Rweya ni mbuga ya nyasi, yenye udongo hafifu. Kibanja ni shamba la nyumbani, na rutuba yake imetengenezwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, mwaka baada ya mwaka. Humo ndimo familia inamokula na kuvuna kahawa, na ndimo inamozika wafu wake. Ndiyo maana ugomvi wa kibanja huwa mkali kuliko wa fedha.

Sehemu kubwa ya Muleba ilikuwa dola ya Ihangiro, chini ya mtawala aliyeitwa Omukama. Katika Buhaya yote kulikuwa na nyarubanja, mfumo ambao wakulima walilima ardhi ya wakubwa na kuwalipa. Baada ya Uhuru, miaka ya 1960, mfumo huo ulifutwa. Mkulima aliyekuwa mpangaji akapata ardhi yake, lakini ndani ya familia binti alibaki mpitaji. Kwa mila zilizoandikwa mwaka 1963, angeweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila si kuiuza.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Vifo vilipoongezeka, swali la nani abaki kwenye kibanja likawaangukia wajane na yatima, mara nyingi kabla matanga hayajaanuliwa.

Jibu kubwa la kisheria lilitoka Muleba hukohuko. Mwaka 1988 mwanamke mzee, aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, aliiuza kwa Sh300,000 kwa sababu hakuwa na wa kumtunza. Ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, na mauzo yakabatilishwa. Mama huyo akakata rufaa na kushinda Mahakama ya Wilaya. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akathibitisha kuwa mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, husomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Hata hivyo, sheria haiingii yenyewe sebuleni.

Kumbuka kwamba mama yule alikuwa na wosia. Bila karatasi ile, asingekuwa na cha kuuza wala cha kutetea. Wazazi wenye nguvu zao wakae na watoto wote, wa kike na wa kiume, waoneshane mipaka, waandike wosia mbele ya mashahidi. Iwe ni kibanja cha Kamachumu au jaruba la Ngenge, mazungumzo hayo ni mepesi wakati mwenye shamba bado yupo na anaweza kujibu maswali.