Nilifunga Ukurasa wa Bei za Omena

Machi 2023 mama yangu mdogo alipoteza magunia manne ya omena, dagaa wa ziwani, hapa Asembo Bay kwa sababu yangu. Aliponiuliza kulikoni, nilimwambia simu yake ni mbovu. Ulikuwa uongo.

Tangu 2019 nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Kila asubuhi niliandika bei ya omena kwa debe na kwa gorogoro, lori la mnunuzi linafika saa ngapi kutoka Kisumu, na mawingu yanakaaje juu ya Ghuba ya Winam. Akina mama wanaoanika ufukweni waliusoma kabla ya kutandaza nyavu zao chini. Omena iliyonyeshewa haiuzwi tena kwa mlo wa watu. Huenda kwa wasaga chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Oktoba 2022 Elon Musk akainunua Twitter kwa dola bilioni 44. Sisi hatukuwa hata kwenye Twitter, lakini habari hiyo ilinikera sana: kumbe baraza la watu wote linaweza kuwa mali ya mtu mmoja! Nikaanza kusoma habari za Mastodon, programu ya mtandao wa kijamii iliyoanzishwa na Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016. Haina mwenye nyumba mmoja. Ni maelfu ya seva, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, na zinaweza kusikilizana. Nikaiona kama fuo zetu: kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, BMU, na bado mashua ya Luanda K'Otieno hutia nanga kwetu bila ugomvi. Mfano huo ulinipendeza mno, na hapo ndipo nilipopotea. Kamati ya ufuo huchaguliwa na watu wa ufuo. Seva niliyoichagua mimi ilikuwa ya mtu wa Ulaya nisiyemjua, anayeilipia kwa michango. Sikumuuliza mtu yeyote wa Asembo.

Januari nikawatangazia wote wahame, na baada ya wiki mbili nikaufuta ukurasa wa zamani. Sikuuacha wazi, niliufuta, ili wasiwe na pa kurudi. Wanunuzi wawili wa Kisumu walinifuata, na vijana kadhaa wa chuo. Akina mama hawakuja. Wengi wao hununua bando ndogo za siku zinazofungua WhatsApp na mitandao michache tu. Kule nilikohamia, bando hizo hazifiki. Nililijua hilo. Nilijiambia watazoea.

Machi ni mwezi wa kukimbizana, kwa kuwa uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai na kila mtu anataka kuweka akiba. Mama mdogo alichukua mzigo kwa mkopo kutoka mashua tatu akilisubiri lori la Alhamisi. Mnunuzi alikuwa ameandika tangu Jumanne kwamba lori limeharibika, haji hadi Jumatatu. Aliandika kule nilikomwelekeza. Ijumaa usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nilimkuta ameinama juu ya nyavu, anachota omena kwa viganja viwili, anaikamua maji, anairudisha, anachota tena. Akanyoosha simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Nyathina, mwanangu, mbona siku hizi huandiki?"

Nikaishika ile simu, nikaibonyezabonyeza, nikamwambia imezeeka.

Mwaka uliofuata msimamizi wa ile seva alitangaza kwamba amechoka na anafunga. Kwenye Mastodon unaweza kuhama na wafuasi wako, lakini ulichoandika hakihami. Bei za miaka minne nilizifuta kwa mkono wangu, na za mwaka mmoja zikapotea na seva.

Bado naamini watu wa ziwa wanastahili pahali pao wenyewe mtandaoni, pasipouzwa juu ya vichwa vyao. Lakini mimi sikuwajengea pahali hapo. Niliwafungia mlango waliokuwa nao.

Juzi nilimweleza mama mdogo ukweli wote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza deni la zile mashua tatu alililipa nani. Alililipa yeye, kwa miezi saba. Nimeanza kumrudishia.

Wewe uliyekuwa ukiusoma ukurasa ule, kama simu yako bado ina picha ya bei za siku yoyote kati ya 2019 na 2023, tafadhali usiifute. Niletee ufukweni, naziandika upya kwenye daftari.