Vakansi bila kutoka kambini

Vakansi imefika tena. Sisi wa kujitolea hapa Nyarugusu tunaijua: mwezi wa saba na wa nane, vumbi mpaka kwenye ugali, shule zimefungwa, na kila jioni kuna mzazi anakuja kulalamika. "Wanangu, tusaidieni, huyu mtoto hatumuoni nyumbani." Akiondoka, mtoto naye anakuja: "Kaka, nyumbani hakukaliki."

Mwaka jana tukasema tutafute kitu ambacho mzazi na kijana watafanya pamoja na wote wafurahi. Watu wengine vakansi wanapanda basi, wanaenda kwa babu au wanaenda kuona ziwa. Ziwa letu liko mkoa huu huu wa Kigoma, lakini bila kibali hutoki. Kambi ipo tangu 1996 na wengi wetu tumezaliwa humu. Yaani sisi ni watoto wa wavuvi wa Fizi na Baraka, na hatujui kuogelea.

Tuliwauliza wazazi peke yao, halafu vijana peke yao. Wazazi walitaja matofali, kuchota maji, kwaya, marudio ya hesabu. Vijana wakataja mpira, video, simu, kulala. Hakuna hata neno moja lililofanana. Tukajaribu jioni ya hadithi: wazee walifurahi sana, vijana walisinzia. Tukajaribu mechi ya wababa na watoto wao: watu walicheka, ila mzee mmoja aliteguka mguu na mke wake alitusema wiki nzima. Haki yake.

Kilichofanikiwa hatukukipanga. Goli zetu zilikuwa miti mitatu tu, bila wavu. Kila mechi ni ugomvi, mpira umepita ndani, hapana umepita nje, mpaka ngumi. Golikipa naye akifungwa anaufuata mpira mpaka kwenye vyoo. Vijana wakachanga hela tukanunua uzi wa nailoni, tukaanza kuufunga wenyewe kama tunavyofunga kamba za viatu. Mzee mmoja alikuwa anapita, akasimama. "Mnafunga mbuzi?"

Huyu mzee tulimjua. Kijana wake wa miaka 15 ndiye golikipa wetu, na walikuwa hawaongei. Kijana aliuza makopo mawili ya unga wa mgao ili alipe banda la video kuangalia mpira. Makopo mawili, wandugu, kwenye nyumba ya watu saba, na mwezi haujaisha. Mzee hakumpiga. Alinyamaza tu. Wiki tatu kijana anakula peke yake nyuma ya nyumba.

Mzee alichonga sindano ya mti, akachonga na kibao kidogo cha kupimia jicho la wavu. Vidole vyake vilikwenda haraka mpaka tukamwomba arudie polepole. Kesho yake akaja na wazee wengine wawili. Walilalamikia ukubwa wa macho, ati wavu huu utavua nini, labda mamba. Lakini hawakuondoka mpaka jua likazama.

Huku wanafuma wakawa wanaongea, na safari hii hakuna aliyesinzia, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Tulijifunza kwamba ndakala wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, basi siku hizo wavuvi wanabaki ufukweni kurekebisha nyavu, na watoto wao pembeni. "Hiyo ndiyo ilikuwa vakansi yangu na baba," mzee alisema. Hakumtazama mtu yeyote.

Kijana alikuwa amekaa upande wa pili wa wavu. Siku ya tatu tukasikia:

"Kaza."

"Nimekaza."

"Hujakaza. Lete."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Sisi tukajifanya tunahesabu macho.

Tuseme na ukweli mwingine. Wasichana hawakuwepo. Walikuja wawili siku ya kwanza, mmoja akaitwa kwenye maji, wa pili akamfuata. Mama mmoja alituuliza, "Na sisi vakansi yetu mmeiweka wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukahamishia kazi karibu na bomba, wavu tukautundika kwenye mwembe, ili mtu afume huku dumu lake liko kwenye foleni. Hapo ndipo wasichana na mama zao walikaa. Mama mmoja aliwaambia wale wazee kwamba kuvua ni kazi ya usiku mmoja, kuanika ndakala mchangani na kuwafukuza kunguru ni kazi ya kila siku, na wanaume hawajawahi kuihadithia. Walicheka, na binti yake alicheka kuliko wote. Lakini maji ni maji, foleni ikifika msichana anaondoka. Hilo hatujalimaliza.

Kosa letu: goli ni mita 7.32 kwa 2.44, tukawapa wazee vipimo hivyo hivyo, tukasahau kwamba wavu lazima ulegee nyuma. Ukawa mfupi. Wazee walitusema, wakaongeza pembeni siku mbili, na uzi ukaisha.

Kwa hiyo goli moja lina wavu na lingine halina, na sasa timu zinagombania upande wa kuanza kushambulia. Mechi ya kwanza mzee alisimama nyuma ya goli la mwanawe, macho kwenye mafundo tu, mchezo hakuutazama. Kijana akafungwa. Mzee akapiga makofi, "Umekamata!" Kijana alikasirika kidogo, halafu akacheka.

Mwaka huu tunafuma wa pili. Uzi umepatikana nusu, tunachanga uliobaki. Tunaanza Jumatatu saa tisa, pale pale bombani. Njoo na mzazi wako, au mzazi njoo na mwanao, hata kama hamuongei.