Mwezi wa tatu telefone yetu haitangazi misiba tu

Ninaandika kutoka Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Leo siwaletei habari za vita wala za karatasi za uhamiaji. Nataka kuwaelezea mchezo mmoja wa huku ambao umeisaidia jamaa yangu iliyotawanyika.

Mimi ni mtu wa bonde la Ruzizi. Nilipofika huku nilipakia makasha katika ghala kwa miaka 12, mpaka magoti yakakataa, nikaenda mapumziko. Katika mji huu Kiswahili unakisikia kanisani na madukani, lakini mchana watoto wako kazini na wajukuu shuleni. Mzee anabaki na telefone. Na telefone yangu ilikuwa na habari mbili tu: fulani amekufa, au tunaomba pesa. Silaumu mtu. Wenye kuuliza walikuwa na njaa kweli. Lakini ilifika mahali nikiona jina la mdogo wangu kwenye kioo, moyo unaruka kabla sijaitika.

Kisha mjukuu wangu akaleta karatasi kutoka shule. Ina mistari kama matawi ya mti. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa tatu, timu 68 za basketi za vyuo vikuu huchaguliwa kushindana. Mechi nne za kwanza hupunguza timu mpaka 64. Hizo zimegawanywa katika kanda nne, na katika kila kanda zimepewa namba, 1 hadi 16. Namba 1 ndiye anayeonwa mwenye nguvu, namba 16 mnyonge. Ukishindwa mara moja, unarudi nyumbani. Kazi yako ni kuandika, kabla mpira haujaanza, nani atashinda kila mechi kati ya 63, mpaka bingwa wa mwanzo wa mwezi wa nne.

Hakuna anayejulikana kuwahi kupata zote. Ukibahatisha kwa kurusha sarafu, nafasi yako ni moja katika zaidi ya bilioni 9 mara bilioni moja. Kwa hiyo profesa na mtu asiyejua basketi wanaanza karibu sawa, na hapo ndipo niliona mlango. Nilipiga picha ya karatasi, nikaituma kwenye kikundi chetu cha Watsapu: kwa yaya wangu aliye kambi la Nyarugusu, Tanzania, kwa mdogo wangu Luvungi, na kwa watoto waliotawanyika huku. Hatuweki hata franka moja. Anayeshinda anaitwa Mwami mpaka mwaka unaofuata, na hata mimi mzee lazima nimsalimie hivyo.

Mwaka 2022 mji wetu wote ulikuwa na Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyechezea chuo kikuu cha Kentucky. Msimu ule alikuwa akidaka mipira zaidi ya 15 kila mechi, na alitajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Kentucky ilikuwa namba 2. Sisi wote tuliandika Kentucky, isipokuwa yaya. Mpinzani alikuwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, namba 15. Yaya alituma sauti: "Mimi siwezi kumuacha Mtakatifu Petro kwa sababu ya mtoto wa Lubumbashi. Anisamehe."

Tarehe 17 mwezi wa tatu Tshiebwe alifunga 30 na kudaka mipira 16, lakini baada ya dakika za nyongeza Saint Peter's ilishinda, 85 kwa 79. Hapa mtaa ulinyamaza. Nyarugusu kulikuwa kumekucha nilipopata sauti ya yaya, anacheka mpaka anakohoa. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu mazishi ya mama. Petro wake alishinda mechi mbili zaidi, na namba 15 hakuwahi kufika mbali hivyo. Yaya akawa Mwami.

Mwaka 2025 sikutaka kutuma karatasi. Mwezi wa pili Bukavu ilikuwa imechukuliwa, na mdogo wangu, mke wake na watoto walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Walikuwa wanalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, pamoja na maelfu ya watu, mvua juu yao. Nilituma pesa niliyokuwa nayo. Niliona ni aibu kumuuliza mtu wa namna hiyo habari za basketi.

Yeye ndiye aliyeuliza. "Yaya, mbona mwaka huu hujatuma matawi? Mnadhani nimekufa?" Nilituma usiku uleule. Jibu lake lilikuwa fupi: "Andika namba 1 wote wanne wafike mwisho, na Florida achukue. Batri inakufa."

Namba 1 wote wanne walifika: Auburn, Duke, Florida na Houston. Jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu kabla, mwaka 2008. Mwaka ambao kwetu kila kitu kilipinduka, huku uwanjani wakubwa walibaki wakubwa. Tarehe 7 mwezi wa ine Florida iliifunga Houston 65 kwa 63. Rugombo kulikuwa hakujakucha. Niliandika: "Amka, Mwami." Alipopata mahali pa kuchaji, alijibu kwamba Mwami anaomba turubai. Tulicheka, kisha tukachanga turubai.

Pesa bado zinaombwa, na misiba bado inakuja. Lakini wandugu mliotengana, tafuteni kitu kimoja cha kubishania kila siku ambacho si kifo wala pesa. Hata mechi za vijana wa kambi zinatosha. Mtu aliyepoteza nyumba bado anataka kuulizwa: wewe unasema nani atashinda?