Kutoka Kasumbalesa Mpaka Kolwezi Juu ya Kamyo ya Mutu Mudogo

Wengi wetu tunajua njia ya Kasumbalesa kwa dirisha la basi tu. Leo tupande juu ya kamyo. Si kamyo ya kampuni kubwa, hapana. Ni ya mutu mwenye kuwa na moja, ao mbili. Imebeba mifuko ya unga wa mahindi kutoka Zambia, inakwenda Kolwezi. Tuangalie vile feza inatoka njiani.

Kasumbalesa ni mpaka. Upande wa Zambia magari yanapita kushoto, huku kwetu kuume. Lakini mbele ya kubadili upande, unangoja. Na hapo hasara ya kwanza inaanza, ile isiyo na karatasi ya malipo. Shofere hawezi kuzima mota kila mara, kwani mulolongo unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena. Mota ya kamyo yenye kusimama inakunywa karibu lita 3 kwa saa. Saa 10 za namna hiyo ni lita 30. Kwa lita 30 kamyo yenye mzigo ingefanya kilometri 75!

Katika mwezi wa Agosti 2024 mambo yalizidi. Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji vingine, watu wakaandamana huku Kasumbalesa, na Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Mwenye makamyo mia moja anaweza kungoja. Mwenye kamyo moja, deni lake haliwezi kungoja.

Sasa tutie mazutu. Bei unayoona kwenye pompe haikuchaguliwa na mwenye sitasyo. Inapangwa na Wizara ya Uchumi kule Kinshasa, na eneo letu la Kusini liko na bei yake. Usiwaze kama feza yote ile ni ya mafuta. Ndani yake muko bei ya mafuta mpakani, gharama za kuyagawanya, ushuru wa forodha, ushuru wa matumizi, TVA iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, na sehemu ya Foner, ile mfuko wa kutengeneza njia uliowekwa kwa sheria ya 2008. Tena mafuta yenyewe yametoka mbali, bandari kama Dar es Salaam ao Beira, na sehemu kubwa inafika kwetu ndani ya makamyo yenye kuchoma mazutu nayo.

Mimi naona habari ya Foner ndiyo yenye kuumiza kichwa. Unailipa kwa kila lita, kamyo itembee isitembee. Zile lita 30 za mpakani zimelipia njia ambayo mapine hayakuigusa. Kisha unapofika kwa peaje, unalipa njia ile ile mara ya pili. Kusema kweli, njia hii iko muzuri kupita ile ya zamani. Wenye kukumbuka mashimo na mavumbi ya Likasi na Kolwezi hawatakataa. Lakini kulipa mara mbili ni kulipa mara mbili.

Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kilometri karibu 90. Lubumbashi mpaka Likasi, 120. Pembeni kuko reli. Treni ya kwanza ilifika Lubumbashi katika 1910, na mizigo mingi ingestahili kupita mule hata leo. Kisha Likasi kunabaki 180 hivi, na mbele ya kufika Fungurume tunaingia jimbo la Lualaba. Mpaka 2015 yote hii ilikuwa Katanga moja. Leo ni majimbo mawili, na kila jimbo liko na kodi zake.

Tuhesabu. Kamyo yenye mzigo, tuseme lita 40 kwa kilometri 100. Kilometri 390 ni lita 156. Kurudi bila mzigo, karibu 110. Pamoja 266, bila kuhesabu ule mulolongo. Kampuni kubwa iko na mapatano ya mwaka. Mazutu ikipanda, bei ya kubeba inapanda. Mutu mudogo anapatana safari kwa safari, na akikataa bei, mwengine anakubali.

Basi anakata wapi? Kodi hawezi kuikata, peaje hapana. Anakwenda kwa Kadhafi, wale wenye kuuza mafuta ya bido pembeni ya njia, na siku moja maji yaliyo ndani ya bido yanaua pompe ya injeksyo. Anaongeza mifuko kupita nguvu ya kamyo. Anamwambia shofere asilale. Mapine yaliyoisha yanabaki, na freni zinangoja mwezi ujao. Ninyi vijana wenye kufanya kazi ya kovwayeri munajua ninachosema, kwani ni ninyi munaokaa juu ya mifuko ile.

Tumefika Kolwezi. Mama anauza unga kwa meka sokoni, na wanunuzi wanamgombeza: «Mama, bei imepanda tena?» Yeye haijui Foner, hakuona mulolongo wa mpakani. Lakini vyote viko ndani ya meka yake.

Kama jamaa yenu inataka kununua kamyo kwa feza ya mwisho wa kazi ya baba, muandike kwanza haya yote kwenye karatasi moja, na safari ya kurudi muiandike bila mzigo. Kamyo yetu imekwisha kushusha. Shofere ameuliza mzigo wa kurudi nao tangu asubuhi, na mpaka sasa hakuna.